Katibu wa Maoni, Msimu wa Mvua

Jumamosi, 22 Juni

Mvua ya msimu imeingia leo, siku tatu mapema kuliko ilivyotabiriwa. Darasani Mwalimu Duyên ametugawia madaftari, akasema tuandike shajara mpaka mvua iishe, kwa Kivietnamu au kwa Kikorea, tupendavyo, na kwamba hatayasoma. Nimemwamini. Hata kazi tunazompa asome huwa hasomi.

Basi. Naitwa Tak Gaon, nina miaka kumi na mitano. Siku za wiki nasoma Kikorea, Jumamosi nasoma Kivietnamu, na nimejaliwa kunyamaza katika lugha zote mbili.

Nyumbani tuko watatu: Bibi mzaa baba, Mama na mimi. Baba alifariki miaka minne iliyopita. Koti lake la mvua bado limening'inia kwenye msumari wa barazani, na hakuna anayeligusa. Mama alizaliwa Cần Thơ, Vietnam, kwenye mto mkubwa. Bibi ni Mkorea wa hapa hapa, amewahi kutoka mkoani mara mbili tu, mara zote kwa mazishi.

Bibi na Mama hawagombani. Wanapotaka kuambiana jambo, wanaiambia televisheni.

Jumatatu, 24 Juni

Ukumbi wa kijiji, saa mbili unusu usiku, kama kila siku ya wiki. Tamthilia ni "Nyumba ya Vyungu Mia", sehemu ya sabini na moja. Nitaieleza mara moja tu. Bi Ok Geum-ran ni tajiri wa mchuzi wa soya. Mkwe wake, Seon-u, mjane wa mwanawe, aliachwa na mama yake akiwa mchanga. Sasa mama yake mzazi ni mgonjwa na ameandika barua kumtafuta. Bi Ok ameificha barua hiyo ndani ya chungu. Kila asubuhi Seon-u anakipangusa chungu kilekile na hajui.

Mimi ni katibu. Kazi yangu ni kuchapa maoni ya wazee kwenye ukurasa wa watazamaji, maana macho yao hayaoni herufi za simu.

"Andika!" Bibi wa Beolgyo alifoka kabla tangazo la kwanza halijaanza. Aliolewa hapa kutoka Beolgyo miaka sitini iliyopita, na bado anaitwa kwa kwao. "Andika: sisi wazee wa Gamnamugol tumechoka."

"Tumechoka na nini, Bibi?"

"Wenyewe wanajua."

"Andika huyo Ok apigwe na radi," akasema Bibi wa Kinuni, ambaye marehemu mumewe alikuwa na kinu cha mpunga.

"Akipigwa na radi tamthilia si itakwisha, bichwa maji wewe?"

"Basi apigwe kidogo."

Wanaamini mwandishi anawasikiliza. Tamthilia hizi huandikwa huku zikiendelea kurushwa, na mwezi wa tatu waliomba Seon-u apewe koti la maana, anatetemeka kila siku. Baada ya sehemu nne akatokea na koti jekundu. Tangu siku hiyo Bibi wa Beolgyo anatembea kama shemeji wa mkurugenzi wa kituo.

Bibi yangu hucheka nao, lakini maoni yake hayaandikwi. "Ya kwangu ni ya nyumbani," husema.

Jumatano, 26 Juni

Mama alikuwa anaosha mchele simu ilipoita. Alikuwa mdogo wake, Dì Út. Bà, bibi yangu mzaa mama, ameanguka. Upande wote wa kushoto umelala. Mama alisema ndiyo, ndiyo, ndiyo, akaweka simu chini, akarudi kwenye mchele. Aliuosha mara tisa. Nilihesabu.

Jioni mvua ilinyesha sana, hatukwenda ukumbini. Tuliangalia nyumbani tukimenya vitunguu saumu, mimi katikati.

"Seon-u mwanangu," Mama akaiambia televisheni, "mtu ambaye mama yake anaumwa haombi ruhusa kwa yeyote."

Bibi alimenya punje mbili nzima kabla ya kujibu. "Bi Ok naye ana yake. Mwanamke asiye na mume, mguu wake mmoja uko nje ya kizingiti. Unafikiri mzee huyo haoni?"

Hawakutazamana. Mwanga wa buluu ulikuwa unapita usoni mwao kama maji. Nilijiona kama rimoti iliyosahauliwa kwenye mkeka.

Alhamisi, 27 Juni

Mvua. Vyura.

Ijumaa, 28 Juni

Mama amepata tiketi ya tarehe tatu. Amesema atakwenda wiki mbili, labda tatu. Hilo "labda" alilisema kwa sauti ndogo.

Niliporudi shuleni sanduku lake lilikuwa wazi chumbani. Chini ya magauni mepesi nimeona koti la baridi, lile zito la manyoya. Sasa ni nani anayebeba koti la baridi kwenda Cần Thơ mwezi wa saba, ila mtu anayehama?

Mama yake Jihu, mwenzangu wa darasa la Jumamosi, wa kijiji cha chini, naye alikwenda kwao "wiki mbili". Ni mwaka wa tatu huu. Ametuma boksi moja la kahawa.

Sijamuuliza Mama. Kwetu mtu haulizwi hivyo. Na akiulizwa na akanyamaza, je, mimi nitakuwa mtoto wa nani?

Jumamosi, 29 Juni

Nimekichukua. Kijitabu cha buluu, kwenye droo ya nyuzi. Nimekitia katika mfuko wa ndani wa koti la Baba. Mikono yangu ilikuwa mikavu kabisa. Nilidhani mwizi hutoka jasho.

Jumatatu, 1 Julai

Usiku nimeota Bi Ok ameketi jikoni kwetu, anakula tango kwa unga wa pilipili. Ananiambia, "Sogea, mwenzangu." Nikasogea.

Jumatano, 3 Julai

Ndege imeondoka bila Mama.

Tangu juzi amepekua nyumba nzima akitafuta pasipoti. Ametoa nguo zote, amemwaga gunia la mchele, ameinua hata mkeka wa televisheni. Bibi alimsaidia kutafuta, amepiga magoti na tochi huku akinung'unika, "Kitu hakina miguu hiki." Mimi nami nilitafuta. Nilitafuta vizuri kuliko wote. Nilitazama nyuma ya jokofu nikapata sarafu na kifungo cha shati la Baba, Mama akanishukuru kwa kifungo.

Saa tano, saa ya ndege, alitoka akasimama kwenye shamba la pilipili bila mwavuli. Mvua haikuwa kubwa. Ilikuwa ile ya ukungu, isiyoanguka bali inayoning'inia. Alikuwa anaonekana na kupotea, kama mtu anayefikiriwa.

Ijumaa, 5 Julai

Ukumbini. Bi Ok amehamisha barua kutoka chungu cha kwanza kwenda cha tatu. Wazee walipiga kelele mpaka Bibi wa Kinuni akatokwa na meno ya bandia.

"Andika, katibu! Andika: mwenye kumzuia mtu asimwone mama yake akiwa hai, huyo hata wali usimshuke kooni!"

Nimeandika. Neno kwa neno. Wameniuliza, "Umetuma?" Nikasema nimetuma. Watu thelathini na wanane wameyapenda maoni yetu.

Chakula kinashuka, kwa taarifa yao. Ndiyo ajabu yenyewe.

Jumapili, 7 Julai

Nimeandika maoni yangu mwenyewe, kwa jina la uongo: "Labda Bi Ok aliogopa tu." Kwa nusu saa nimepata majibu kumi na moja. Moja linasema: "Shikamoo mama mkwe, nani kakufundisha kutumia simu?" Jingine: "Woga wako usiwe jeneza la mwenzako." Nimeyafuta yangu. Ya kwao bado yananisoma.

Jumatatu, 8 Julai

Mama amekwenda ofisi ya wilaya kutangaza kwamba pasipoti imepotea. Mpya itatoka baada ya siku nane hivi. Dì Út anapiga simu kila jioni, na Mama anamsikiliza akiwa barazani, ameegemea koti la Baba. Shavu lake na kijitabu chake vimetenganishwa na kitambaa tu.

Jumatano, 10 Julai

Niandike taratibu.

Alfajiri mvua ilishuka kama mtu anamwaga ndoo. Maji yakaanza kupanda kwenye jaruba letu la chini, na mlango wa maji usipofunguliwa mpunga wote hulala. Koti la Bibi lilikuwa limelowa tangu jana. Nimetoka barazani nikipiga mswaki, nikamwona anashusha koti la Baba kwenye msumari. Miaka minne hakuna aliyelishusha. Alilivaa kama mtu anavaa gauni la kuazima, akachukua jembe, akaondoka kwenye ukungu. Nilitaka kumwita. Mdomo ulikuwa umejaa povu.

Ningeweza kulitema, na sikulitema.

Amerudi baada ya saa nzima, matope mpaka magotini. Akaketi barazani, akatia mkono mfuko wa ndani atafute kitambaa cha kujifutia. Nikaona mkono unasimama. Akakitoa kile kijitabu, akakifungua, akamwona Mama kwenye picha. Kisha akaniangalia mimi. Hakuuliza. Uso wangu ulikuwa umeshamaliza kujibu.

Na hapo hapo Mama akatoka jikoni na beseni.

"Mama," akamwambia Bibi. "Hicho ni nini?"

Bibi akakifunga kijitabu.

"Ulikuwa nacho wewe?"

"Nilikuwa nacho."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kukitafuta."

"Ukapiga magoti na tochi ukanisaidia kutafuta? Kwa nini, Mama?"

"Kwa nini, kwa nini," Bibi akasema, akivua koti polepole. "Mimi si mama mkwe? Hujaona kwenye televisheni tulivyo?"

Mama aliweka beseni chini kwa uangalifu, kana kwamba limejaa. Lilikuwa tupu. "Miaka kumi na saba nimekuita Mama," alisema. "Kwa mdomo huu huu." Akakipokea kijitabu akaingia ndani.

Hakimfai kitu tena. Kilichotangazwa kupotea hakifufuki hata kikipatikana. Karani alimweleza hivyo kwenye simu mara mbili, kwa adabu. Lazima aingoje mpya.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimesimama na mswaki. Nikameza povu.

Alhamisi, 11 Julai

Mama hasemi na Bibi, wala na televisheni. Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia mtungi wa kabichi ukichacha.

Nilimfuata Bibi kwenye banda la vitunguu saumu. "Bibi," nikasema. "Bibi, mimi..."

"Nipe kamba."

Nikampa. Alifunga shada zima ndipo akasema. "Mkwe kumchukia mama mkwe wake ni kazi ya kila siku, kama kufagia. Mkono umezoea. Wewe hajawahi kukuchukia hata siku moja, hatajua aanzie wapi."

"Lakini si haki."

"Haki?" Akacheka puani. "Kamba nyingine."

Nilidhani namjua Bibi. Nilidhani ni yule mzee anayehesabu mayai na kuisema vibaya hewa ya Cần Thơ. Leo nimemtazama mgongo wake ulivyopinda kati ya mashada, nikawa kama naona mtu kwa mbali, ng'ambo ya maji, ambaye nimekuwa nikimpungia mkono miaka yote bila kujua ni nani.

Jumamosi, 13 Julai

Sikwenda darasani. Nimelala mchana kutwa nikisikiliza mvua kwenye bati la banda. Nikaota wote wanne, Bibi, Mama, Seon-u na Bi Ok, wanapangusa vyungu kwenye ua usio na mwisho, na kila chungu ninachofunua kina sauti ya Bà ndani yake, inaniuliza kama nimeshakua.

Jumatatu, 15 Julai

Leo.

Kijiji kina masikio. Nani alisema sijui, ila tulipoingia ukumbini jioni, Bibi wa Beolgyo hakumsogezea Bibi mto wa kukalia. Bibi akaketi kwenye sakafu tupu, karibu na mlango, kama mgeni.

Seon-u alikuwa analia juu ya chungu cha tatu. Barua iko chini ya mkono wake. Haipati.

"Andika, katibu," Bibi wa Beolgyo akaanza, sauti imepakwa asali. "Andika: kina Ok hawako kwenye televisheni peke yake. Hata huku kwetu mashambani wapo, wanakula nasi, wanacheka nasi. Wanamzuia mkwe wa watu mpaka mama yake afe. Andika!"

"We Beolgyo, acha basi," Bibi wa Kinuni alinong'ona.

"Niache nini? Natoa maoni ya tamthilia mimi. Nimemtaja mtu?"

Wote walikuwa wanamtazama Bibi. Bibi alikuwa anaitazama televisheni, kidevu juu, kama mtu anayepigwa picha.

Vidole vyangu vilikuwa kwenye herufi. Nilichapa "Andika". Nililichapa neno lenyewe, "andika", kisha vidole vikagoma.

"Umetuma?"

"Siwezi."

"Simu imeisha chaji?"

"Sio Bibi." Sikuitambua sauti. Ilikuwa nzito kidogo kuliko nilivyodhani sauti yangu ilivyo. "Sio Bibi aliyeficha. Nilificha mimi. Bibi alikikuta kwenye koti la Baba. Nilikiweka mimi."

Kwenye televisheni wimbo wa mwisho ukaanza. Bibi alifumba macho, akasema kwa uchungu kabisa, "Mtoto mjinga wewe. Ilikuwa inakaribia kwisha."

Ndipo nikageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kutuchukua, ana miavuli miwili mkononi. Aliilaza sakafuni, mmoja mmoja, akageuka, akaenda na mvua.

Nilimkimbilia. Nyumbani alikuwa ameketi barazani, nywele zinatiririka.

"Kwa nini?" akauliza. Hilo tu.

"Koti la baridi," nikasema. "Niliona umefungasha koti la baridi."

Ilimchukua muda kuelewa. "Wodini kuna kiyoyozi usiku na mchana," akasema. "Bà anatetemeka. Aliomba kitu cha joto." Kisha akaanza kukunja vidole, polepole, kama mtoto anayefundishwa kuhesabu. "Siku kumi na mbili, Gaon. Kumi na mbili."

Hakunipiga. Hakunikumbatia pia. Bibi alikuwa amesema kweli: hakujua aanzie wapi.

Jumanne, 16 Julai

Pasipoti mpya imetoka. Inanuka gundi.

Jumatano, 17 Julai

Basi la saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Kabla ya kutoka, Mama aliingia chumbani kwa Bibi, akaweka viganja juu ya paji la uso, akashuka mpaka chini, sujudu kamili, ile ya mwaka mpya na ya kuomba radhi. Akakaa hapo chini.

"Inuka," Bibi akasema. "Sakafu ina unyevu. Utachelewa." Lakini mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye bega la Mama, ukabaki hapo.

Mimi Mama alinishika ndewe ya sikio, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo, muda mfupi tu. Sanduku lilikuwa limevimba kwa lile koti. Hakusema atarudi. Sikuuliza. Basi likaingia kwenye ukungu, taa mbili nyekundu, kisha moja, kisha labda.

Ijumaa, 19 Julai

Ukumbini. Bibi wa Beolgyo alikuwa amemwekea Bibi mito miwili, mmoja juu ya mwingine. "Kaa, bibi yake katibu," akasema bila kumtazama, "usije ukasema hatuna mito." Bibi akakaa juu kama malkia, akalalamika kwamba ni mirefu.

Seon-u ameipata barua. Bi Ok amepiga magoti. Zogo likaanza, huyu anataka afungwe, yule anataka afilisike. Kisha Bibi wa Kinuni akanigeukia. "Na wewe, katibu? Mwaka mzima unaandika ya kwetu. Wewe unaonaje?"

Nikasema, "Naona hawakutuonyesha alivyokuwa anaogopa. Kila sehemu walituonyesha barua, hawakutuonyesha woga. Ningeuona, bado ningemkasirikia. Ila ningejua namkasirikia nani."

Bibi wa Kinuni akapunguza sauti ya televisheni.

"Liandike hilo," Bibi yangu akasema.

"Kwa jina lako," akaongeza Bibi wa Beolgyo. "Na radi uiweke, kidogo."

Jumapili, 21 Julai

Jua kwa dakika ishirini. Tumeanika kila kitu. Imenyesha tena, tumeanua kila kitu.

Jumanne, 23 Julai

Simu ya picha kutoka Cần Thơ, saa kumi alasiri. Kwanza alikuwa Dì Út, anaongea haraka, nusu sikuielewa. Halafu akasema jambo ambalo nilielewa lote, na hakulisema kwa ubaya, alikuwa tu anasimulia: mpaka Jumapili ya tarehe saba Bà alikuwa bado anasema maneno mawili matatu. Alikuwa anamwita Mama kwa jina la utotoni. Tangu hapo hajasema tena.

Tarehe saba. Ndege ilikuwa ya tarehe tatu.

Mama alichukua simu upesi. Alikuwa amekonda, amefunga nywele kama msichana. Akamwonyesha Bà: uso mdogo, na koti la manyoya limemfika kidevuni. Nilimwamkia kwa Kivietnamu. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyemchelewesha mtoto wake, na kwamba naomba radhi. Sentensi yangu ilikuwa na makosa, najua. Jicho lake la kulia lilinitazama muda mrefu. Sijui lilisema nini. Sitajifanya najua.

"Tiketi yangu ya kurudi ni ya Jumapili," Mama akasema, akiwa bado anamfunika Bà bega.

Bibi alikuwa nyuma yangu, nasikia pumzi yake.

Nilisema, "Mama, usiitumie. Kaa."

"Umesema?"

"Kaa naye. Jumapili ni karibu mno. Kaa mpaka utosheke."

Feni ya kule ilizunguka, ikazunguka. "Na nyinyi?"

Bibi akaninyang'anya simu, akaishika karibu na uso mpaka Mama bila shaka aliona pua tu. "Mama Gaon," akamwambia, si televisheni, yeye. "Sisi tupo. Pilipili nitachuma na huyu. Kaa na mama yako."

Mama aliziba mdomo kwa kiganja. Kisha akakitoa, na neno nililolivizia msimu mzima, nililoliibia, ambalo sikuthubutu kuliomba, akalisema mwenyewe, kwa Kikorea, ili Bibi naye asikie.

"Nitarudi."

Sikumuuliza lini.